Gerimani ya Kipushi na Chipu za Nuru: Jina, Madini na Maarifa katika Historia ya Kongo

0. Utangulizi

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Münster nchini Ujerumani, pamoja na wenzao wa Oxford na Exeter nchini Uingereza, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kazi yao juu ya chipu inayofanya kazi kwa nuru mahali pa umeme. Mwaka 2021 ushirikiano huo, uliokuwa umekwisha kupanuka hadi kuzihusisha maabara za Uswisi, ulitoa chipu nyingine yenye kasi kubwa zaidi. Lengo la kazi hizo mbili lilikuwa moja: kuziwezesha kompyuta kutenda mengi kwa nishati kidogo. Katika chipu zote mbili, sehemu ndogo inayoshika kumbukumbu ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa elementi tatu, yaani gerimani, antimoni na teluri.

Makala haya hayakusudii kufundisha fizikia. Mwandishi wake ni mtu wa isimu, naye ameifikia mada hii kwa njia ya maneno. Tulikuwa darasani, hapa Goma, katika somo la uundaji wa istilahi, mwanafunzi mmoja alipouliza: "Mwalimu, hiyo gerimani sisi tunaiita nini?" Swali lilionekana dogo. Tulipolifuata lilitupeleka mbali na Kivu, hadi Kipushi, karibu na Lubumbashi, katika mgodi uliotoa gerimani kwa zaidi ya miaka ishirini mikononi mwa wachimbaji waliokuwa wakisema Kiswahili kila siku ya kazi, na ambao hawakuachiwa hata neno moja la kuitajia.

Hoja tunayotaka kuitetea ni hii: katika historia ya madini ya Kongo, faida kubwa haikumwendea aliyechimba, wala mwenye ardhi peke yake. Ilimwendea yule aliyejua kukitaja kitu kilichomo ndani ya jiwe na kukipima. Kwa hiyo suala la istilahi na maabara, ambalo watu wengi hulichukua kuwa pambo la wasomi, ni suala la mali.

Yafaa tutoe tahadhari mapema. Hatudai kwamba gerimani iliyotumika Münster ilitoka Katanga. Gerimani husafishwa, huchanganywa na kuuzwa bila kubeba jina la mgodi wake. Tena kiasi kinachohitajika katika chipu moja ni kidogo mno. Tunachofuata ni safari ya elementi hiyo katika nchi yetu, na nafasi ya vyuo vyetu katika safari hiyo. Kuhusu tahajia, tumeandika "gerimani" kwa herufi g, ili neno lisichanganywe na jina la Ujerumani, ingawa, kama tutakavyoona, majina hayo mawili yana asili moja.

1. Jinsi nuru inavyohesabu

Kompyuta ya kawaida hufanya kazi kwa kupitisha elektroni katika silikoni na katika nyaya za shaba zilizo nyembamba kuliko unywele. Elektroni zipitapo, waya hupata joto, na joto hilo ni nishati iliyopotea. Sehemu kubwa ya nishati hailiwi na hesabu yenyewe. Huliwa na kazi ya kuhamisha data kutoka katika kumbukumbu, kuipeleka mahali pa hesabu, kisha kuirudisha. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2025 kwamba vituo vya data vya dunia vilitumia umeme wa saa-terawati 415 hivi katika mwaka 2024, yaani karibu asilimia 1.5 ya umeme wote uliotumika duniani, na kwamba kiasi hicho chaweza kuzidi maradufu ifikapo mwaka 2030.

Jambo hili si geni kabisa kwa Kivu Kaskazini. Tangu mwaka 2020, huko Luviro, umeme wa maporomoko ulio chini ya Hifadhi ya Virunga ulianza kuendesha kompyuta za kutafuta sarafu ya bitcoin. Mto ule ule ambao ungewasha taa vijijini uligeuzwa kuwa hesabu, na kutokana na hesabu ukageuzwa kuwa fedha na joto. Kwa hiyo msomaji wa Kivu haoni ugumu wa kuelewa kwamba hesabu hula umeme.

Nuru haiupashi moto mfereji inamopita kama umeme unavyoupasha waya. Katika chipu ya nuru, mwali wa leza hupitishwa katika mfereji mwembamba uliochongwa juu ya kipande kidogo cha silikoni. Juu ya mfereji huo huwekwa punje ya ule mchanganyiko wa gerimani, antimoni na teluri. Punje ikiwa katika hali ya fuwele hufyonza nuru nyingi. Ikiwa katika hali isiyo ya fuwele huiachia nyingi ipite. Tuchukulie, basi, kwamba nguvu ya nuru inayoingia ni namba ya kwanza, na kiasi ambacho punje inaachia ni namba ya pili. Nuru inayotoka upande wa pili ni zao la namba hizo mbili. Kuzidisha kumekwisha kufanyika wakati nuru inapita tu, na punje imeihifadhi namba yake bila kuhitaji umeme wa kuikumbuka. Zaidi ya hayo, miali ya rangi mbalimbali yaweza kupita pamoja katika mfereji mmoja pasipo kuzuiana. Sifa hiyo ndiyo iliyoipa chipu ya mwaka 2021 kasi yake.

Gerimani ina kazi ya pili katika teknolojia hii. Nuru inayotumika katika mawasiliano hupita ndani ya silikoni kama vile nuru ya jua inavyopita katika kioo. Silikoni haiwezi kuinasa. Gerimani huinasa na kuigeuza kuwa umeme. Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa mfereji wa silikoni mafundi huotesha tabaka jembamba la gerimani, ambalo ndilo jicho la chipu.

Ni lazima kusema pia kwamba kazi hii haijafika mwisho. Leza nazo hula umeme, na kila mara nuru inapogeuzwa kuwa umeme au umeme kuwa nuru, kiasi fulani cha nishati hupotea. Chipu za nuru hazijachukua nafasi ya kompyuta za kawaida. Lakini vyuo vikuu vingi vimeziwekea matumaini makubwa, na karibu vyote vinafanya kazi kwa ushirikiano, kwa kuwa hakuna maabara moja yenye mashine zote zinazohitajika.

2. Jina lililokosewa: Kipushi, 1924 hadi 1948

Historia ya gerimani ilianza kwa jina kabla ya kitu chenyewe kuonekana. Mwaka 1871 Dmitri Mendeleev, mwanakemia wa Kirusi, alipokuwa akizipanga elementi katika jedwali lake, aliona pengo chini ya silikoni. Akatabiri kwamba ipo elementi ya kuliziba, akaipa jina la muda, akaeleza hata uzito wake na tabia zake. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1886, Clemens Winkler aliipata elementi hiyo huko Freiberg, akaiita kwa jina la nchi yake, Germania. Mtu alijua cha kutafuta kwa sababu kilikuwa na mahali pake katika mpango wa maarifa.

Huko Katanga mambo yalikwenda kinyume. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuchimba Kipushi mwaka 1924, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Mgodi ukapewa jina la Prince Léopold. Kilichotafutwa kilikuwa shaba, na baadaye zinki. Ndani ya mawe yake wahandisi walikuwa wakikuta madini ya rangi iliyoelekea machungwa, wakayaita "bornaiti ya machungwa", kwa kuyadhania kuwa aina moja ya bornaiti, ambayo ni madini ya shaba yanayojulikana sana. Mwaka 1948 tu, mtaalamu J. F. Vaes alionyesha kwamba hayakuwa bornaiti hata kidogo: yalikuwa na gerimani ndani yake. Akayaita renieriti, kwa heshima ya Armand Renier, mwanajiolojia wa Ubelgiji.

Kwa miaka 24, basi, gerimani ilipita mbele ya macho ya watu ikiwa imevaa jina la kitu kingine. Haki inatutaka tukiri kwamba kabla ya Vita vya Pili vya Dunia elementi hiyo ilikuwa na matumizi machache sana, hata huko Ulaya. Mabadiliko yalikuja Desemba 1947, wakati John Bardeen na Walter Brattain, katika maabara za Bell nchini Marekani, walipotengeneza transista ya kwanza kwa kutumia kipande cha gerimani. Chini ya mwaka mmoja kati ya transista na renieriti: soko lilipozaliwa, jina sahihi nalo likapatikana, na kuanzia mwaka 1956 gerimani ya Kipushi ilianza kuhesabiwa. Kumbukumbu za mgodi zinataja tani 278 hivi kati ya mwaka 1956 na 1978.

Katika miaka hiyo matumizi yake yalibadilika. Jack Kilby alitumia gerimani mwaka 1958 alipounda saketi ya kwanza iliyounganishwa katika kipande kimoja, babu wa chipu zote za leo. Lakini gerimani haivumilii joto vizuri, na katika miaka ya 1960 silikoni ikaishinda. Gerimani ikapata kazi nyingine: katika lenzi za kuonea joto gizani, na, tangu miaka ya 1970, ndani ya nyuzi za kioo zinazosafirisha mawasiliano kwa nuru, ambamo huchanganywa katika kiini cha kioo ili nuru isitoroke pembeni. Chipu za nuru zimeirudisha katika nyumba iliyofukuzwa.

Mwaka 1965 madini mengine ya gerimani kutoka Kipushi yalielezwa, yakaitwa briartiti, kwa jina la Gaston Briart, mtaalamu aliyeuchunguza mgodi huo. Jina la Kipushi penyewe lilikuja kutumika mwaka 1985, kwa madini yanayoitwa kipushiti, ambayo hayana gerimani. Hatusemi haya kwa kulaumu: ni desturi ya sayansi hiyo kuwaenzi wataalamu wake. Tunasema tu kwamba orodha ya majina ni kumbukumbu ya nani alikuwamo maabarani.

3. Kiswahili shimoni

Waliokuwa shimoni walikuwa wengine. Union Minière ilikusanya wafanyakazi kutoka pande nyingi: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, Ruanda-Urundi na vijiji vya Katanga yenyewe. Watu hao hawakuwa na lugha moja ya mama. Kiswahili, ambacho kilikuwa kimefika Katanga kwa njia za biashara kutoka mashariki, kikawa lugha ya kazi, kisha lugha ya kambi za wafanyakazi, kisha lugha ya watoto waliozaliwa humo. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kwamba jambo hilo halikutokea kwa bahati tu: kampuni, serikali na misheni zilikuwa na haja ya lugha ya kuamrishia.

Hapo ndipo tunapoona mgawanyo wa lugha uliodumu muda mrefu. Kiswahili kilitumika kuita watu kazini, kugawa zana, kuonya juu ya hatari, kuhesabu mishahara. Ripoti ya mgodi, uchambuzi wa mawe na barua ya kwenda Brussels viliandikwa kwa Kifaransa. Kiswahili kilishuka shimoni pamoja na watu. Kilipopanda juu, kilikoma mlangoni mwa maabara. Ndiyo maana Kiswahili cha Katanga kina utajiri wa maneno ya zana, vyeo na kazi, lakini hakina neno la renieriti.

Lakini tusidhani kwamba waliosema lugha hiyo hawakujua thamani ya kutaja. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji wake habari za Elisabethville jinsi zilivyokumbukwa na watumishi wa nyumbani. Fabian alizichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990. Yav aliyaita maandishi yake kwa neno la Kifaransa lenye maana ya msamiati, na hali yaliyomo ni historia. Wengi wamelishangaa jina hilo. Sisi twaona kwamba linafaa: katika mji ambamo kila kitu kilipewa jina na wengine, kukusanya maneno ya mtu mwenyewe kulikuwa tayari ni kuandika historia.

4. Urani na gerimani: safari mbili

Je, nchi yetu haikupata kamwe kubadili madini kuwa maarifa? Ilipata, walau mara moja, na yafaa tulinganishe.

Urani ya Shinkolobwe, huko huko Katanga, ilianza kusafishwa Olen, Ubelgiji, mwaka 1922, kwa ajili ya radiumu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilipelekwa Marekani, ikatumika katika mradi uliozaa mabomu ya atomu ya mwaka 1945. Kwa kuwa Ubelgiji ulikuwa na usemi juu ya madini hayo, ulipata mlango wa kuingilia katika sayansi mpya. Kituo chake cha utafiti wa nyuklia huko Mol kilianzishwa mwaka 1952. Sehemu ya faida hiyo ilifika hata Kongo. Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa Kinshasa mwaka 1954 chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha Louvain, kiliongozwa na Monsinyori Luc Gillon, ambaye alikuwa mwanafizikia. Mwaka 1959 kilipata tanuri la nyuklia la utafiti, TRICO, lenye nguvu ya kilowati 50, la kwanza katika bara la Afrika. La pili lilifuata mwaka 1972, likafanya kazi hadi mwaka 2004.

Gerimani ilisafiri kwa njia nyingine. Ilitoka Kipushi, ikasafishwa Ubelgiji, ikauzwa. Wakati huohuo chuo kikuu kingine kilikuwa kimefunguliwa Elisabethville mwaka 1956, mwaka uleule ambao gerimani ya Kipushi ilianza kuhesabiwa, na kwa umbali wa safari ya saa moja tu kutoka mgodini. Baada ya mageuzi ya mwaka 1971, vyuo vyote vilipounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre, Lubumbashi ilipewa fasihi na lugha pamoja na uhandisi wa migodi. Kituo cha isimu, CELTA, kilikuwa huko huko. Kwa miaka kadhaa, basi, mji mmoja ulikuwa na wachimbaji wa gerimani, wahandisi wa migodi na wanaisimu wa Kiswahili. Kilichokosekana ni kazi ya kuwaunganisha: maabara ya kusafisha elementi hiyo mpaka mwisho, na istilahi ya kuisimulia.

Tofauti ya safari hizo mbili ina funzo. Urani ilizaa maabara kwa sababu kulikuwa na mtu mezani aliyejua fizikia na aliyedai kifaa, tena wakati ambapo muuzaji alikuwa bado anahitajika. Gerimani haikuwa na mdai wa namna hiyo. Lakini funzo la pili ni chungu zaidi: TRICO ilikuja ikiwa kifaa kilichokamilika, na kadiri miaka ilivyopita fedha za kukitunza zilipungua mpaka kikanyamaza. Maabara iliyopewa mara moja haitoshi. Panahitajika watu wengi wanaoielewa na kuifundisha kizazi hadi kizazi, katika lugha inayowafikia.

5. Kilima cha Lubumbashi

Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993, ukafufuliwa mwaka 2024 kwa ajili ya zinki. Lakini gerimani haikusubiri chini ya ardhi peke yake. Shaba ya Kipushi ilikuwa ikiyeyushwa katika tanuri la Lubumbashi, na yale yaliyobaki baada ya kuyeyusha, ambayo Kiswahili cha zamani huyaita mavi ya chuma, yalirundikwa kando ya mji kwa miaka mingi mpaka yakawa kilima cheusi kinachoonekana kutoka mbali. Ndani ya takataka hizo mlibaki kobalti, zinki na gerimani. Kwa mara ya pili kitu kilipita bila kutajwa: jina la takataka lilitosha kukifunika.

Mwaka 2023 China, ambayo ndiyo mzalishaji mkubwa wa gerimani duniani, iliweka masharti ya vibali juu ya kuiuza nje; Desemba 2024 ilizuia kabisa kuiuza Marekani, zuio ambalo lilisimamishwa kwa muda mwishoni mwa mwaka 2025. Bei ikapanda, na watu wakakumbuka kilima cha Lubumbashi. Mwaka 2024 kampuni ya STL, iliyo tanzu ya Gécamines, ilitia saini mkataba na kampuni ya Umicore ya Ubelgiji wa kuitoa gerimani katika kilima hicho, na kabla ya mwaka kwisha shehena ya kwanza ilikwisha kuondoka. Umicore ni jina ambalo Union Minière ilijipa mwaka 2001. Gécamines ndiyo iliyorithi mali ya Union Minière nchini baada ya kutaifishwa mwishoni mwa mwaka 1966. Waliotia saini, basi, ni matawi mawili ya mti mmoja, na njia ya shehena ni ileile ya mwaka 1956.

Hata hivyo, mambo mawili yamebadilika. Kwanza, kuna kiwanda Lubumbashi chenyewe kinachotoa gerimani katika takataka, na si kila kampuni duniani inajua kazi hiyo. Pili, huko Ubelgiji gerimani inapofika haiko mbali na vyuo: Leuven kuna kituo cha imec, kilichoanzishwa mwaka 1984, ambacho pamoja na Chuo Kikuu cha Ghent ni miongoni mwa mahali panapofanyiwa utafiti mkubwa wa chipu za nuru. Nchi iliyokuwa na uwezo wa kudai tanuri la nyuklia mwaka 1959 haiwezi kushindwa, katika karne hii, kudai nafasi za wanafunzi, sampuli zinazobaki nyumbani, na matokeo ya vipimo yanayowekwa wazi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wakati wa kudai ni sasa, muuzaji anapohitajika.

6. Kutoka Goma

Msomaji ataweza kuuliza: haya yote yanaihusu nini Goma, mji usio na mgodi wa gerimani? Yanaihusu kwa sababu Goma inao mfano wake. Katika milima ya Masisi, huko Rubaya, huchimbwa koltani, inayotoa tantali ya kapasita ndogo zilizomo katika simu na kompyuta. Neno koltani lilitungwa kwa kufupisha majina mawili, kolumbiti na tantaliti, likakua katika biashara ya Afrika ya Kati, na bei zilipopanda ghafula mwaka 2000 likaenea duniani kote. Hapa, kinyume na Kipushi, jina ni la huku kwetu. Mchimbaji wa Rubaya hakosi neno la kukitaja anachokibeba.

Lakini jina bila kipimo ni nusu ya njia. Bei ya koltani hufuata asilimia ya tantali iliyomo, na asilimia haionekani kwa macho. Anayeijua ni mwenye mashine ya kupimia, naye kwa kawaida ndiye mnunuzi. Mchimbaji hupokea namba aliyosomewa na mtu mwingine. Tangu mwaka 2024, Rubaya ilipotwaliwa na M23, na baada ya Januari 2025, Goma nayo ilipotwaliwa na benki zake kufungwa, suala la nani anapima na kwa niaba ya nani limekuwa zito kuliko lilivyokuwa. Hatutalijadili hapa zaidi ya kusema kwamba chuo kikuu ni miongoni mwa mahali pachache ambapo kipimo kingeweza kufanywa na mtu asiyenunua wala kuuza.

Kuhusu istilahi, Waswahili wa mashariki wametuachia kazi nusu iliyokwisha. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Na pale nyaya za nuru zilipotandazwa Tanzania, watu wakaziita mkongo: Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Wanafunzi wetu hucheka wanapolisikia neno hilo mara ya kwanza, kwa kuwa Mkongo ni wao wenyewe. Tofauti iko katika ngeli: Mkongo, Wakongo, mkongo, mikongo. Kicheko kikiisha, hukumbushwa kwamba kiini cha kioo cha mkongo kina gerimani. Hapo wengine hunyamaza, na somo la ngeli huwa limefika mahali ambapo mwalimu hakulipanga.

Neno umeme nalo lina funzo. Maana yake ya kwanza ni ule mwanga wa radi. Waliotutangulia waliitaja nguvu mpya kwa jina la nuru ya mbinguni waliyokwisha kuijua. Lugha iliyoweza kufanya hivyo haishindwi na mfereji wa nuru, jicho la chipu, au punje yenye kumbukumbu, maneno ambayo tumejaribu kuyatumia katika makala haya bila kuomba ruhusa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba gerimani ya Kipushi ilipotea mara mbili: kwanza chini ya jina la bornaiti, kisha chini ya jina la takataka. Kila mara ilirudi pale mtu alipoipima na kuiita kwa jina lake. Tumeona pia kwamba urani ilizaa maabara kwa sababu mtu aliidai, na kwamba maabara hiyo ilinyamaza kwa kukosa wa kuirithi. Ushirikiano wa vyuo vikuu juu ya chipu za nuru ni meza mpya. Madini yetu yamekwisha kufika huko zamani. Watu wetu ni wachache.

Wanaisimu hawawezi kujenga kiwanda. Wanaweza kuhakikisha kwamba mwanafunzi wa Goma au Lubumbashi anayeingia maabarani anakuta lugha yake imemtangulia. Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wa jarida hili, hasa wale wa Lubumbashi na Kipushi walio karibu na wazee wa mgodi, watuletee maneno yaliyotumika shimoni kwa mawe, rangi zake na uzito wake. Yamkini kulikuwa na jina la Kiswahili la lile jiwe la machungwa, nalo lilikuwapo kabla ya mwaka 1948. Wazee waliolishika mikononi wanazidi kupungua.